Mkopeshaji anasema atanifunga nisipolipa: je, anaweza?

Barua niliyoipokea, nikiwa nimeifupisha kidogo na kuondoa majina:

"Wakili, shikamoo. Mimi ni fundi seremala, naishi Kihonda, Morogoro, nina mke na watoto watatu. Mwezi wa kwanza nilikopa shilingi 3,000,000 kwa mama mmoja anayekopesha mtaani kwetu, riba asilimia 20 kwa mwezi. Nimempelekea laki sita kila mwezi kwa miezi minne. Halafu mteja aliyeniagiza milango ya nyumba nzima akaniruka, nina miezi miwili sijapeleka kitu. Kila siku ya kuchelewa ananihesabia 50,000, sasa anasema deni limefika 7,200,000. Juzi kaja na kijana anayejiita askari, wakasema nisipolipa hadi Ijumaa nitalala ndani na mashine zangu zitabebwa. Shemeji yangu aliyenidhamini naye wanampigia simu usiku. Juu ya hapo nina deni la 120,000 la programu ya mikopo ya kwenye simu. Hao wamewatumia ujumbe mchungaji wangu na wateja wangu kwamba mimi ni tapeli. Je, nitafungwa? Wanaweza kubeba mashine na vitu vya ndani? Shemeji ataponaje? Nimesahau kusema: siku ya kuchukua hela tulisaini pia karatasi ya kiwanja ninachokaa, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ila mama alisema ni utaratibu tu."

Marahaba, ndugu yangu, na pole. Swali lako la kwanza nalijibu kwa kifupi ili leo upate usingizi: hapana, hufungwi kwa sababu umeshindwa kulipa mkopo. Nitarudi huko na kueleza mipaka ya hiyo "hapana". Lakini umeniuliza maswali matatu, na linalonitia wasiwasi ni la nne ambalo hukuliuliza. Ni ile sentensi ya mwisho, uliyoiandika kama mtu anayekumbuka mwavuli akiwa ameshafika mlangoni.

Itafute nakala ya hiyo karatasi leo hii. Kama huna, nenda kwa mwenyekiti aliyegonga muhuri umwombe uisome yake. Angalia kichwa cha habari. Kama kimeandikwa "Mkataba wa mkopo" na ndani kiwanja kimetajwa kuwa dhamana, tuna la kuzungumza bila presha. Nadhani lakini utakuta "Hati ya mauziano ya kiwanja", jina lako mahali pa muuzaji, jina la yule mama mahali pa mnunuzi, bei shilingi 3,000,000, na chini kabisa saini yako na ya mwenyekiti. Nimeziona hizi karatasi za kutosha. Nyingine zina tarehe iliyoachwa wazi ijazwe baadaye.

Wakopeshaji wa mtaani, hawa tunaowaita kausha damu, wanazipenda kwa sababu zinawaokoa na usumbufu wote wa sheria. Mwenye dhamana ya kweli ana ngazi za kupanda: notisi ya maandishi, muda wa mkopaji kurekebisha kosa lake, kisha mnada. Hata benki yenye rehani iliyosajiliwa inatakiwa impe mkopaji notisi ya siku 60 kabla ya kuuza. Mwenye "hati ya mauziano" hapandi ngazi hata moja. Anasubiri uchelewe, kisha anakuja na karatasi yake: kiwanja ni changu, nilinunua, huyu ni mpangaji tu, naomba aondoke. Mgogoro uliokuwa wa deni unageuka kuwa wa ardhi, na wewe ndiye unaonekana mvamizi.

Je, karatasi hiyo inapingika? Ndiyo, ila si kwa kusema tu. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, haimpendi mtu anayekuja kwa maneno matupu kupinga maandishi aliyoyasaini mwenyewe. Hata hivyo imeacha mlango wazi kwa anayeweza kuonyesha kulikuwa na udanganyifu, au kwamba maandishi hayasemi kile pande mbili zilichokubaliana kweli. Na wewe ushahidi unao mfukoni. Ulikuwa unampelekea laki sita kila mwezi. Kama ni kwa simu, kila muamala una tarehe, namba na jina la mpokeaji. Muuzaji wa kiwanja hapeleki marejesho kwa mnunuzi. Ujumbe wake wowote unaotaja riba, rejesho, au "siku zako za kuchelewa" nao unamkana. Usifute kitu. Kama simu yako ni ya zile zinazojaa haraka, piga picha za ujumbe mmoja mmoja na uzitume kwa mtu unayemwamini. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mahakama inapokea ushahidi wa namna hii, mradi uonyeshe umetoka wapi na haujachezewa.

Kuna ngao nyingine, nayo ni mkeo. Umesema ni kiwanja unachokaa, kwa hiyo ni nyumba ya ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema mwenye nyumba ya ndoa, awe mume au mke, hawezi kuiuza, kuigawa wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Mkeo alisaini? Alikuwepo? Kama hakuwepo, yeye anayo kesi yenye nguvu kuliko yako, kwa sababu hakupokea hela na hakusaini chochote. Najua baadhi ya wanaume wanaficha mikopo nyumbani, na pengine hata hili shemeji kalijua kabla ya mkeo. Mwambie leo. Itauma jioni moja.

Mgogoro wa ardhi hauendi Mahakama ya Mwanzo. Unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 halihukumu tena bali linasuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30 mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko unakoweza kuomba zuio asiuze wala asikutoe. Ukingoja hadi aje na mnunuzi mwingine mkononi, hizo siku 30 zitakuwa ndefu mno. Anza wewe.

Sasa turudi kwenye polisi.

Mkopo ni mkataba, na mkataba ukivunjwa ni madai, si jinai. Tanzania ilijiunga mwaka 1976 na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Polisi hawana kazi ya kukusanya madeni, na askari anayejua kazi yake atamwambia huyo mama hivyo hivyo: nenda mahakamani. Kijana anayejiita askari bila sare wala kitambulisho, mwombe kitambulisho na jina la kituo chake, kwa adabu, mbele ya majirani. Wengi hapo ndipo wanapokumbuka wana safari. Kama si askari, anayetenda kosa la jinai hapo ni yeye.

Kinachofanyika mara nyingi ni ujanja wa kulibatiza deni jina la jinai. Mkopeshaji anafika kituoni na kusema "nimetapeliwa", inafunguliwa taarifa ya kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, unaitwa. Kosa hilo lipo kweli katika Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inafika miaka saba, kwa hiyo usilichekee. Lakini linahitaji uongo wa tangu mwanzo: ulidanganya jina, ulionyesha hati ya kughushi, ulisema una ajira usiyokuwa nayo, au ulichukua hela ukiwa umeshaamua hutalipa. Mtu aliyekopa kwa jina lake, mtaani kwake, kwa watu wanaomjua, akalipa miezi minne mfululizo kisha akakwama, huyo hakutapeli. Hiyo miamala minne ndiyo utetezi wako hapa pia.

Ukiitwa, nenda. Kukimbia wito wa polisi kunampa mlalamikaji kitu ambacho hakuwa nacho. Nenda na mtu, mweleze askari kwamba ni mkopo na umeshalipa kiasi gani, toa nakala za miamala na ubaki na zako. Dhamana ya polisi hailipiwi. Na kuna jambo moja nakuomba usilifanye hata ukibembelezwa: usisaini pale kituoni karatasi ya kukiri kwamba unadaiwa 7,200,000 na utalipa hadi tarehe fulani. Hapo ndipo watu wanapojimaliza. Alikuja ofisini kwangu dereva mmoja wa daladala aliyekopa milioni moja na nusu. Akasaini kituoni kwamba anadaiwa milioni nne "ili aachiwe akawahi zamu". Kesi ilipofika mahakamani tulitumia muda mwingi kupigana na saini yake kuliko na mkopeshaji. Kama ni lazima uandike, andika kiasi unachokikubali wewe na uongeze kwamba kilichobaki unakipinga.

Niliahidi mipaka. Kitu kinachoitwa kifungo cha madai kipo, na ndicho kinachowachanganya watu wanaposikia "fulani alifungwa kwa deni". Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, mtu aliyeshinda kesi anaweza kuiomba mahakama imweke mdaiwa gerezani kama njia ya kukazia hukumu, hadi miezi sita. Lakini tazama mlolongo wake. Kwanza ashitaki. Ashinde. Ushindwe kulipa. Aombe. Mahakama ikuite ujieleze kwa nini usiwekwe ndani. Ukionyesha kwamba ni umaskini wa kweli, mahakama ina uwezo wa kukataa ombi lake. Wanaotafutwa na kifungo hiki ni wale wenye mali wanaoificha, wanaoihamisha, au wanaojiandaa kutoroka. Tena mdai ndiye anayelipia chakula cha mfungwa wake, jambo linalowafanya wengi wafikirie mara mbili. Na deni halifi kwa kukaa ndani, ila hawezi kukuweka ndani mara ya pili kwa hukumu ile ile.

Ndiyo maana wakikushauri kumwandikia mama yako kiwanja au kupeleka mashine kijijini kwa kaka, kataa. Nimeulizwa hilo mara nyingi, na muulizaji huwa anaona kapata akili. Mahakama ikigundua umehamisha mali ili kumkwepa mdai, umetoka kundi la "hana" umeingia kundi la "hataki", na huko ndiko kifungo cha madai kilipo.

Basi kisheria mama huyo ana njia gani halali? Moja tu: kufungua madai. Kwa deni lisilozidi shilingi milioni 30 anakwenda Mahakama ya Mwanzo, ambayo inaendeshwa kwa Kiswahili na ina taratibu nyepesi. Hahitaji hata mkataba wa maandishi, maana makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba mradi yathibitike. Ana miaka sita tangu ulipovunja makubaliano, na kila ukilipa sehemu ya deni au kulikiri kwa maandishi yenye saini yako, saa inaanza upya. Sikwambii hili ili ukae usubiri miaka sita ipite. Nakwambia ili ujue muda hauko upande wako.

Utaletewa hati ya wito, wenyewe wanaiita samansi. Katika miaka yangu yote ya kazi hii, wengi niliowaona wakipata hasara kubwa ni wale walioipokea samansi wakaiweka juu ya kabati. Mmoja aliniletea ikiwa imekunjwa mara nane. Ilikuwa imewekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Asipofika mdaiwa, kesi inasikilizwa upande mmoja. Hakuna wa kuuliza riba ya asilimia 20 imetoka wapi, hakuna wa kutaja zile 2,400,000 ulizokwisha lipa. Mdai anataja tarakimu yake, na tarakimu hiyo inakuwa hukumu. Unaweza kuomba hukumu hiyo itenguliwe ukieleza sababu ya maana ya kutofika, na rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30, lakini hapo unapanda mlima ambao ungeupita kwa kuhudhuria asubuhi moja.

Ukifika, unakuwa na mambo matatu ya kusema: nilichukua kiasi hiki, nimelipa kiasi hiki, naomba kulipa kilichobaki kwa mafungu. Mahakama inaweza kuamuru mafungu kulingana na kipato chako.

Na kilichobaki ni kiasi gani? Hapa chukua kalamu tukae pamoja. Hesabu yake yeye ni hii: mtaji 3,000,000 uko pale pale kama haujaguswa, riba ya miezi miwili 1,200,000, na siku 60 za kuchelewa mara 50,000, yaani 3,000,000 nyingine. Jumla 7,200,000.

Sasa tazama sheria. Mikopo ya biashara ndogo ya namna hii iko chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Anayekopesha kama biashara lazima awe na leseni ya Benki Kuu, hata kama ofisi yake ni kibaraza cha nyumba, na kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, ambalo ndilo lake, Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwombe leseni yake uione. Tufanye mkopo wako ungekuwa wa asilimia 3.5 kwa salio linalopungua. Mwezi wa kwanza riba ni 105,000. Ulilipa 600,000, kwa hiyo 495,000 ilikula mtaji, ukabaki 2,505,000. Rejesho la pili linakushusha hadi kama 1,993,000. La tatu, kama 1,462,000. La nne, kama 914,000. Weka riba ya miezi miwili ambayo hukulipa: unafika kama 979,000.

Laki tisa na themanini dhidi ya milioni saba na laki mbili. Sisemi hakimu atapiga hesabu hii hii kama nilivyoipiga mimi. Nasema hiyo ndiyo tarakimu ya kuanzia unapokaa naye mezani, kwa sababu ina sheria nyuma yake na yake haina.

Ile 50,000 ya kila siku ina jibu lake katika kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: mkataba ukitaja adhabu ya kuuvunja, anayedai hapati adhabu yote kama ilivyoandikwa, anapata fidia inayostahili isiyozidi kiasi hicho. Kukaa bila hela yake kwa siku moja hakumgharimu elfu hamsini. Na akishashinda, riba ya hukumu katika mahakama zinazotumia Sura ya 33 ni asilimia 7 kwa mwaka, au hadi 12 kama mlikubaliana kwa maandishi. Kwa mwaka, si kwa mwezi. Mkopeshaji wa mtaani akilisikia hilo ndipo anapoelewa kwa nini mimi naona ana hamu ndogo ya kwenda mahakamani kuliko anavyokuonyesha.

Lakini nisikupe kiburi. Wapo watakaokwambia: hana leseni, mkataba ni batili, usilipe hata senti. Usiuchukue ushauri huo. Mahakama inaweza kukataa kumsaidia kudai riba haramu, lakini aliyepokea mtaji wa mwenzake chini ya makubaliano batili naye hutakiwa kuurudisha. Ulikula hela yake, ulinunua mbao. Unachopigania ni kutolipa mara tatu.

Kuhusu mashine na vitu vya ndani. Yeye binafsi hana ruhusa ya kubeba hata kijiko, iwe na kijana wake, na mgambo, au na mwenyekiti. Anayekamata mali ni dalali wa mahakama mwenye amri ya mahakama mkononi, baada ya hukumu. Akija bila hukumu akabeba kwa nguvu, hapo ndipo polisi wana kazi ya kufanya, na mlalamikaji ni wewe. Akija dalali mwenye karatasi halali, usipigane naye. Isome, andika kila anachochukua, na wahi mahakamani kama amechukua kisichochukulika.

Maana vipo visivyochukulika. Sura ya 33 inakinga nguo za mdaiwa na familia yake, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za fundi anazofanyia kazi. Randa, misumeno, patasi, vyako. Mashine kubwa ya umeme unayopasulia mbao za watu kwa kulipwa, hapo mdai anaweza kubishana kwamba ni mtaji wa biashara na si zana ya fundi, na ubishi huo hakimu ataumaliza. Televisheni, sofa, pikipiki, hizo zinakwenda. Sheria hiyo hiyo inakinga pia nyumba ambayo mdaiwa anaishi na mkewe na watoto wanaomtegemea, isipokuwa kama nyumba yenyewe ndiyo iliyowekwa rehani. Unaona sasa kwa nini ile karatasi ya mauziano imetengenezwa? Kwa hukumu ya deni asingekigusa kiwanja hicho kirahisi.

Shemeji yako. Kisheria mdhamini anabeba mzigo sawa na mkopaji, na mdai halazimiki kukumaliza wewe kwanza ndipo amfuate yeye, isipokuwa kama walikubaliana vingine. Akilipa, ana haki ya kukudai wewe kila alichotoa. Hata hivyo ana pa kupumulia: kama yule mama alibadilisha masharti baadaye bila kumshirikisha, mathalani akaongeza ile adhabu ya kila siku baada ya shemeji kusaini, mdhamini anaweza kuwa amefunguka kwa yote yaliyofuata mabadiliko hayo. Mwambie asilipe kwa hofu ya simu za usiku, na asikubali chochote kwa maneno.

Deni la simu ni dogo na lina kelele nyingi. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila idhini; angalia kama wako wamo. Kuwatumia mchungaji na wateja wako ujumbe kwamba wewe ni tapeli ni kutumia taarifa za watu ambao hawakukopa, kinyume cha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023. Peleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kama matusi yanaendelea, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kosa la unyanyasaji wa mtandaoni. Waombe mchungaji na wateja wakutumie picha za ujumbe walioupokea, zenye namba iliyotuma. Kisha, kama mkopeshaji ana leseni, lipa hiyo 120,000 ukiweza. Wenye leseni wanapeleka taarifa kwenye kampuni za taarifa za mikopo, na deni la laki moja na ishirini linaweza kukukosesha mkopo wa maana benki siku unayotaka kununua mashine mpya. Yule mama wa mtaani hawezi kukufanyia hivyo. Kitabu chake kinaishia kwenye kibaraza chake.

(Haya yote ni ya Tanzania Bara. Msomaji wa Unguja au Pemba asiyachukue mazima mazima, Zanzibar ina mahakama na sheria zake za ardhi na madai.)

Kabla ya Ijumaa. Mwandikie barua, si lazima ya wakili, kwa Kiswahili chako cha kawaida: nilipokea 3,000,000 tarehe fulani kama mkopo, nimelipa 2,400,000 kwa tarehe hizi nne, sikubali riba ya asilimia 20 wala adhabu ya kila siku, niko tayari kumaliza salio halali kwa kulipa kiasi hiki kila mwezi kuanzia tarehe hii. Neno "mkopo" lisikose. Akiipokea na kuijibu bila kulipinga neno hilo, amekusaidia kwenye suala la kiwanja bila kujua. Mpe mbele ya shahidi, asaini kwenye nakala yako, au mtumie picha yake kwenye simu. Taja kiasi unachokiweza kweli; kama ni laki na nusu, andika laki na nusu, usiandike laki nne ili kumfurahisha. Peleka fungu la kwanza kwa muamala wa simu, usimpe taslimu hata akikwambia ana dharura ya msiba.

Kama fedha ya wakili haipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeweka utaratibu wa kusaidiwa bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri ikuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, na uende na nakala za miamala ukiwa umezipanga kwa tarehe.

Na mkeo naye aende, peke yake au pamoja nawe, akiwa na cheti cha ndoa. Kama kiwanja kina hati, aombe kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Kama ni cha barua ya mtaa tu, aandike barua yake mwenyewe kwa mwenyekiti na nakala kwa mtendaji wa kata, kwamba hiyo ni nyumba ya ndoa, hakushirikishwa, na hatambui mauziano yoyote. Ihakikishwe imegongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe. Kisha nitumie picha ya ile karatasi, pande zote mbili, hata upande wa nyuma kama unaona hauna kitu.